Mafiga Chini ya Vigingi Vyangu

Wenzangu wa ofisi ya Kibaha, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni kwangu Sofu, hapa hapa Kibaha, ingawa sijui mtu aliyestaafu anahitaji saa ya nini. Mliniomba pia niandike niliyoyaona kazini ili vijana wasianze upya. Nimekubali. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa, na mshahara wa mpima ardhi ninyi wenyewe mnaujua. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, halafu nitaeleza kijiji kimoja ambacho jina lake silitaji kwa sababu wenyewe bado wanaishi pale.

Nilianza Kisarawe mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa nimetoka Tabora, Mnyamwezi wa kwanza kuajiriwa katika ofisi ile, na Wazaramo waliniona tu wakajua wamepata mtani. Siku ya kwanza walinificha kiatu kimoja. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Kibwana, mpima wa wilaya, mtu mfupi asiyecheka isipokuwa umekosea. Alinipa mnyororo wa chuma wa pingili mia, akaniteremsha nao upande wa kuelekea Pugu, akanionyesha miti miwili. Nipime umbali kwa mnyororo, kisha niupime kwa hatua. Nilirudia mara kumi. Mara ya kumi ndipo hesabu ya hatua ilipolingana na ya mara ya tisa.

"Sasa miguu yako ni mali ya serikali," aliniambia.

Kwake nilijifunza kupaka mnyororo mafuta kabla ya kuukunja, kutotundika kamba ya timazi upepo unapovuma, na kutopiga kigingi cha mti laini kwa sababu unakuwa umewapikia mchwa. Nilijifunza pia maneno aliyoyarudia mpaka nikayachoka: mpima hachagui, anakuta. Alimaanisha kwamba mlima umekwisha kuamua barabara ipite wapi, na kazi yako ni kwenda kuisoma amri yake. Nilikuwa kijana, nikaona ni maneno ya mzee asiyependa kubishiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini watu wakaanza kuhamishiwa vijijini, na sisi wapima tukawa hatulali nyumbani. Mzee Kibwana alikuwa amestaafu na kufungua kiduka Maili Moja. Mimi nikapewa pori moja la Kisarawe nilipange kijiji cha nyumba ishirini na nne. Niliomba ramani. Msimamizi wetu, bwana mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti, alinijibu, "Chora mwenyewe. Mimi nataka kuona nyumba kabla ya mvua."

Ndiyo mara ya kwanza niliyopanga kijiji kwa kichwa changu mwenyewe, na nakiri nilijisikia. Nilikaa mezani siku mbili, mbele yangu vipimo vya mteremko vilivyochukuliwa na wenzangu. Nilichora mtaa mmoja mrefu, viwanja vimeelekeana, kisima chini ya mteremko. Baada ya kiwanja cha nane niliupinda mtaa kuelekea kushoto. Hapakuwa na mwamba wala bonde la kunilazimisha. Niliupinda kwa kuwa nilipenda, kwa hamu ya kuona mtaa mmoja usiofanana na kambi ya jeshi.

Nilipofika porini watu walikwisha shushwa. Taarifa ilisema wamehama kwa hiari. Niliisoma nikiwa nimekaa karibu na mama mmoja, Bi Zaina, aliyekuwa bado ameshika ufunguo wa nyumba iliyobomolewa huko alikotoka. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba bila kuniangalia, kisha akauliza kama mimi ndiye ninayejua kila mtu atalala wapi. Nilisema ndiye. Akasema, "Haya. Basi na wewe utakuwa umechoka."

Mwanawe mkubwa, Shomari, mtu mzima wa makamo yangu mwenye mke na watoto, nilimchukua awe mshika mnyororo. Aliponisikia natoka Tabora alifurahi kupita kiasi. Akawatangazia watu wote kwamba mpagazi wa babu yake amerudi na mzigo. Nami nikamwambia naona ameacha ngoma ili aje kufanya kazi, na mvua itanyesha leo. Tulianza hivyo. Sijapata rafiki wa kazini kama yule, kabla wala baada.

Udongo wa pale ni mchanga mtupu. Nilipofika niliudunga kwa chuma sehemu sehemu na sikukuta jiwe hata la kutupia ndege. Kwa hiyo Shomari alipopiga kigingi cha kwanza kikagoma, nilidhani amekutana na mzizi. Tulifukua. Futi moja chini kulikuwa na mafiga, mawe matatu yaliyoungua, na juu yake chungu kimekaa wima, kimejaa mchanga.

"Wametuachia chungu," Shomari alisema. "Mnyamwezi, kazi kwako, upike."

Tulicheka tukasogea kiwanja cha pili. Kigingi kiligoma vilevile. Mafiga matatu na chungu, tena umbali uleule kutoka kona. Cha tatu hivyohivyo. Kufika cha sita Shomari alikuwa ameacha utani, nami nilijikuta napunguza nguvu ya nyundo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, watu wanaongea karibu, na bado nilikuwa nikiongea kwa kunong'ona. Watu wanaohama hawaachi vyungu jikoni. Chungu ndicho kinachotangulia kubebwa.

Baada ya kiwanja cha nane nilifanya jambo ambalo sikuliandika kwenye taarifa. Nilimwambia Shomari anyooshe mnyororo moja kwa moja, kana kwamba mtaa haupindi, apige kigingi huko. Kikazama kwenye mchanga kama kwenye ugali. Tukarudi, tukageuka kushoto kama nilivyochora, tukapiga. Nyundo ikatoa sauti ya jiwe.

Shomari aliketi chini. Aliniuliza, "Ulikuwa umefika huku kabla ya kuchora?"

"Sijawahi."

"Nani alikwambia upinde?"

Nilisema hakuna. Nilisema nilipinda kwa kupenda kwangu, na hapo hapo nikasikia jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi. Tulikuta mafiga kwenye viwanja vyote ishirini na vinne. Chini ya mteremko, pale nilipochora kisima, tulikuta duara la mawe. Kilikuwa kisima cha zamani, na kilikuwa kimejazwa mawe mpaka juu. Nimekwisha kusema kwamba pale hapana mawe. Mtu aliyabeba kutoka mbali.

Bi Zaina alikuja kuangalia. Alisimama mbali kidogo, akasema bibi yake alikuwa akisimulia kwamba huku kulikuwa na watu, wakaondoka siku moja, na hakuna kijiji jirani kilichowaona wanapita. Kwa nini waliondoka bibi hakujua.

"Mtu hafukii maji bila sababu, Bwana Mpima," alisema. "Msikifukue hicho."

Msimamizi alipopata habari alifurahi. Kwake yeye kazi ilikuwa imefika nusu: ondoa mawe, kunywa maji. Wakati huo watu walikuwa wanachota kwenye dimbwi la rangi ya chai, na watoto walishaanza kuharisha. Maji yalihitajika wiki ile ile, na mimi ndiye niliyetakiwa kusema yachimbwe wapi.

Niliomba ruhusa ya siku mbili. Nilikwenda Maili Moja kwa Mzee Kibwana, nikamtandikia ramani yangu juu ya gunia la chumvi, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akipima sukari ya mteja.

"Unashangaa nini?" aliniuliza. "Mteremko ni uleule, jua lilelile, maji yako chini kule kule. Na huyo mwenzako aliyepanga zamani alikuwa na miguu miwili na mgongo unaouma. Ulitaka apange vipi?"

"Na kupinda, mzee? Kupinda kulikuwa kwangu."

"Ulipinda kwa kuwa ulichoka na mstari. Na yeye alichoka."

Nilimwambia sipendi kusikia hivyo. Nilimwambia kama hata ninachokifanya kwa kupenda kwangu kinatokana na mteremko na uchovu, basi sioni tofauti yangu na maji yanayoteremka. Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka kumi.

"Kama linakunyima usingizi, nenda kafanye kitu ambacho ardhi haikuombi. Funga macho upige kigingi. Utakuta mchanga, utalala."

Nilirudi nikafanya hivyo, asubuhi, mbele ya watu, nikajifanya ni namna moja ya upimaji. Shomari alinifunga kitambaa machoni akanizungusha mpaka nikayumba. Nikatembea. Nilipohisi nataka kusimama sikusimama. Nilipohisi nataka kwenda kulia nilikwenda kushoto, kisha nikajihukumu kwamba hata hiyo ni kanuni, nikarudi nyuma hatua nne bila sababu yoyote. Nikasimama. Nikamwambia Shomari, "Hapa."

Alichimba kwa jembe. Futi moja chini jembe likagusa kitu. Hakikuwa figa. Kilikuwa kigingi cha mpingo, kimesimama wima, kichwa chake kimepasuka kwa kupigwa nyundo.

Nilipiga magoti nikakifukua kwa mikono. Pembeni yake na chini yake udongo ulikuwa haujawahi kuguswa, na mpima anaujua udongo wa namna hiyo kwa rangi yake. Nikaelewa. Na yeye, mtu wa kale, alikuwa amepanga mtaa wake, akaupinda, akachagua kisima. Kisha kikampata kitu kilichomfanya akiogope kile kisima, akaja hapa kutafuta pengine. Akapiga kigingi. Alama zake zikaishia hapo.

"Mwenzako alifika hapa basi," Shomari alisema. "Hakuchimba."

"Kwa nini hakuchimba?"

"Muulize yeye. Ninyi ndio mnaofanana."

Siku zote zile nilikuwa naogopa kwamba kuna mtu ananitangulia. Sasa nilikuwa nimefika mwisho wa nyayo zake, na nawaambia kweli, nilitamani ziendelee. Kutoka pale hapakuwa na mafiga wala kigingi cha kuniambia nini kimekwisha amuliwa. Upande mmoja kulikuwa na kisima kilichofukiwa, chini ya magoti yangu udongo mzima, na watu wananisubiri. Niliwaza kwamba kama yule hakuchimba na watu wake wakapotea, basi njia ya kutofanana naye ni kuchimba.

Nikasema, "Chimbeni hapa."

Shomari akauliza, polepole, wengine wasisikie, "Unasema wewe, au anasema yeye?"

"Nasema mimi," nilimjibu. Akacheka, akavua shati.

Vijana, hili lisikilizeni kama kazi. Kwenye mchanga, ukipita futi kumi, humteremshi mtu bila kuzuia kuta kwa mbao. Nililijua. Mzee Kibwana alinifundisha mwaka wa kwanza. Mbao zilikuwa zimeagizwa Kisarawe na lori lilikuwa halijafika. Ningeweza kungoja. Lakini mawingu yalikuwa yanakusanyika, msimamizi anapiga kelele, watoto wanaharisha, na ndani yangu kulikuwa na haraka ya mtu anayetaka kuthibitisha jambo lake. Shomari alikuwa chini anajaza ndoo, mimi juu nimeshika kamba pamoja na wenzake wawili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alitupigia kelele kwamba mchanga umeanza kuwa na unyevu. Nilikuwa nainama kumjibu. Hakukuwa na kishindo. Kamba ililegea tu mkononi mwangu, na nilipochungulia shimo lilikuwa limekuwa fupi.

Tulimtoa alasiri.

Kwa Wazaramo, msibani mtani ana kazi yake. Anazuia jeneza, anajitupa chini, anamtukana marehemu, anawachekesha wafiwa ili pumzi ziwarudie. Hawezi kukataa na hakuna wa kumkatalia. Katika kijiji kile Mnyamwezi nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya watu, sitaki kuonekana, mzee mmoja akanijia akaniambia kwa upole, "Mtani, simama ufanye kazi yako."

Nilisimama. Jeneza lilipoinuliwa nililala kifudifudi mbele yake, na kwa kuwa sikuwa na mzaha wowote moyoni nikasema kilichokuwepo. "Huyu haendi popote. Nimemuua mimi. Nilimteremsha bila mbao kwa kiburi changu. Mzikeni mtani wenu, Shomari mumwache."

Watu wakacheka. Walicheka huku machozi yanawatoka, wakanivuta miguu kunitoa njiani, mmoja akaniambia hajawahi kuona mtani hodari kama mimi. Nikarudia kwamba ni kweli, nimemuua, wakacheka zaidi. Nilikuwa nimesema jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kusema, na nilikuwa nimelisema mahali pekee ambapo mtu wa kabila langu hawezi kuaminiwa. Wanawake walikuwa wamekaa kibarazani. Sikuwa na ujasiri wa kutazama upande wao.

Wiki ile ile msimamizi aliagiza kisima cha zamani kifukuliwe. Siku nne watu walipokezana kutoa mawe. Nilisimama pale muda wote, na ingawa ni aibu kuliandika, nilikuwa naomba wakute kitu. Mifupa, nyoka, harufu mbaya, chochote cha kueleza kwa nini kilifukiwa. Hawakukuta kitu. Kuta zake zilikuwa zimejengwa kwa mawe vizuri sana, imara, na maji yake yalikuwa matamu. Wanayanywa mpaka leo, na sijasikia yamemdhuru mtu.

Niliandika taarifa, ikapokelewa, ikawekwa kwenye faili. Hakuna aliyeniuliza. Nilipima vijiji vingine vingi baada ya hapo, na mitaa yake yote niliinyoosha. Mzee Kibwana alifariki bila mimi kumrudia na jibu. Kuhusu kazi, ninaloweza kuwaachia ni lile la mbao. Lori likichelewa, lisubirini, hata akija bwana mwenye sauti ya namna gani.

Mwezi uliopita, nikiwa sina tena ofisi ya kunizuia, nilipanda basi kwenda Kisarawe, na kutoka hapo nikapata gari la mkaa mpaka kijijini. Mtaa bado unapinda. Nyumba ni za bati sasa. Bi Zaina yu hai, macho yamefifia lakini masikio mazima, na aliijua sauti yangu kabla sijamaliza shikamoo. Alinikaribisha barazani, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Tuliongea habari za wajukuu, watoto wa Shomari, mmoja ni mwalimu. Kisha akaniambia, "Siku ile msibani watu walicheka. Mimi sikucheka."

Niliinamia kikombe, nikanywa maji yote.

"Miaka yote nimetaka kukuuliza neno moja, mwanangu. Mimi ndiye niliyewakataza kile kisima. Kama nisingesema, Shomari wangu angeshuka kwenye kisima cha mawe, kisima imara. Sasa niambie wewe uliyekuwepo. Siku ile, ungeweza kuamua vingine?"

Nilikuwa nimetoka Kibaha kwa ajili ya kusema ndiyo. Nilikuwa nimeibeba ndiyo ile tangu msibani. Ndiyo, mama, ningeweza, ningesubiri lori, nilichagua mimi, wala si mteremko wala mtu wa kale. Lakini nilipomtazama niliona kwamba kama mimi ningeweza kuamua vingine, basi na yeye angeweza kunyamaza, na mlango huo nikiufungua kwa ajili yangu naufungua na kwa ajili yake.

"Hapana, mama," nilisema. "Nisingeweza. Lilikuwa limekwisha andikwa."

Alitikisa kichwa taratibu. Kikombe changu kilikuwa kitupu, akakipapasa mpaka akakipata.

"Umejibu hivyo kwa kuwa ndivyo," aliniuliza, "au kwa kuwa ni mimi niliyeuliza?"

Aliinuka na kile kikombe, akaenda kwenye mtungi kuniongezea maji.